Kinachochanganya Mikono

Nina hasira za karibu, na mtaani kwetu Lipangalala sina wa kumficha. Mama mdogo wangu husema nilizaliwa mchana wa Novemba, katika joto lile la Ifakara la kabla ya mvua, ndiyo maana sipoi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, kwa hiyo hasira zangu anazijua kuliko mtu yeyote, na kwa miaka mingi dawa yake imekuwa moja: ananiacha niseme, halafu ananiuliza kama nimekula.

Kazi yangu ni kompyuta. Nina chumba kinachotazama barabara, ninatengeneza za shule, za maduka, za watu waliomwagia chai kibodi na kuapa kwamba hawakumwaga. Kazi ya mama mdogo ni kudarizi. Alianza usichanani mwake kule Mahenge, kwa sindano na fremu ya duara, na hakuna parokia huku bondeni isiyokuwa na kitambaa chake altareni. Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Vidole vikapinda, sindano ikawa inamponyoka, na kuna siku nilimkuta anaiangalia sakafuni kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

Masista wakamwokoa. Walikuwa na mashine ya kudarizi iliyoletwa kutoka Italia zamani, pamoja na kompyuta yake nzito ya mezani yenye programu ya kuchorea michoro. Unachora kwenye kompyuta, unaweka mchoro kwenye flopi, ile diski bapa ya zamani, unaichomeka flopi kwenye mashine, nayo inashona yenyewe. Wakamwazima vyote kwa sharti moja: siku vitakaposhindwa kufanya kazi, mashine irudi, maana kuna kikundi cha akina mama Mahenge kilichokuwa kinaisubiri. Programu yote ilikuwa kwa Kiitaliano. Mama mdogo hajui neno hata moja la Kiitaliano, lakini alijua kila kitu kilipokaa. "Neno refu la tatu kutoka juu," angekwambia, na kweli hilo ndilo lililokuwa la kuhifadhi.

Msimu wa masika radi ikapiga karibu na nguzo yetu. Mashine ilipona kwa sababu ilikuwa imechomolewa kupisha pasi. Kompyuta haikupona. Niliifungua, nikakuta kila kitu kimeungua isipokuwa diski, na diski ndiyo iliyokuwa na programu.

Hapo nikajiona fundi. Ipo programu ya bure inayoigiza kompyuta nzima ndani ya laptop: inajifanya ubao wa saketi wa zamani, inajifanya kibodi ya zamani, inajifanya kipanya cha zamani, mpaka mfumo wa zamani unadanganyika kwamba upo nyumbani kwake. Imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, na yeyote anaruhusiwa kusoma maandishi yake ya ndani na kupendekeza marekebisho. Nilinakili diski yote, nikaitia humo, na ile kompyuta iliyokufa ikawaka ndani ya laptop yangu na Kiitaliano chake chote. Mama mdogo alifanya ishara ya msalaba. Mimi nikatembea mtaani siku nzima nikiwa nimevimba kichwa.

Wakati huohuo alikuwa amepokea kazi kubwa kuliko zote. Rafiki yake wa siku nyingi, mkulima wa Kiberege, alikuwa na mtoto anayekaribia kupata upadre, na misa ya kwanza ingekuwa kijijini kwao. Mama yule alitaka kasula ya mwanawe, lile vazi la juu la padre wakati wa misa, ishonwe na mama mdogo na si mtu mwingine, na mgongoni iwe na masuke ya mpunga, kwa sababu mpunga ndio uliomsomesha. Mama mdogo alikubali kabla sentensi haijaisha.

Masuke anayachora hivi. Mkono wa kulia unavuta kipanya, mstari unatembea. Mkono wa kushoto uko kwenye kibodi, na kila mahali mstari unapotakiwa kupinda, unagusa kitufe. Akiwa kwenye kompyuta ya zamani alifanya hivyo bila hata kufikiri. Kwenye laptop yangu alifanya dakika chache tu, kisha mstari ukaruka ukaenda kona ya juu, menyu zikafunguka zenyewe, herufi zikajiandika mahali pasipoandikwa kitu, na mchoro wa asubuhi nzima ukafutika. Akaanza upya. Ikarudia. Kuna mara kibodi iliganda kabisa, tukalazimika kuzima.

"Mkono wangu uko sawa," aliniambia. "Humo ndani kuna kitu kinachanganya mikono yangu."

"Hakuna kitu kinachochanganya mikono, mama mdogo. Unabonyeza vibaya."

Nikakaa mimi. Nikabonyeza kitufe, nikakiachia, nikavuta kipanya, nikabonyeza tena. Kila kitu sawa. "Unaona?" nikamwambia.

"Naona," akasema. Anayemjua atakwambia kwamba "naona" yake si kukubali.

Siku ya tatu ya malalamiko nilikuwa na kompyuta za shule zinanisubiri na uvumilivu umeniisha. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene: MKONO MMOJA KWA WAKATI MMOJA. Nikaibandika ukutani mbele yake, kando ya kalenda ya parokia. Mwanamke aliyenifundisha kushika kijiko, nikambandikia tangazo kama mwanafunzi mtukutu. Yeye akaniuliza kama nimekula.

Na akatii, ndilo linaloniuma. Siku nne alichora kwa mkono mmoja kwa wakati mmoja: anagusa kitufe, anainua mkono, anavuta kipanya kidogo, anasimama, anagusa tena. Mchoro haukufutika hata mara moja. Nikajipongeza. Akashona jaribio kwenye kipande cha kitambaa cheupe, uzi wa dhahabu, na masuke yakatoka yamenyooka wima, moja baada ya jingine.

Ijumaa mama yule wa Kiberege akafika na mchele mpya kwenye kifuko, kuja kuangalia kazi. Alisalimia, akakaa, akakipakata kile kitambaa. Akakitazama muda mrefu. Huyu ni mtu aliyelima mpunga tangu anajitambua.

"Dada," akasema kwa upole, "haya ni mapepe."

Kwa msomaji asiye wa bondeni: suke lenye punje huelemewa, likainama. Suke lililosimama wima mpunga ukiwa umeshaiva ni tupu, ni makapi matupu, ukipepeta yanakwenda na upepo. Hayo ndiyo mapepe. Mwaka wa mvua mbaya unasimama kwenye tuta, unaliangalia shamba limesimama lote, unajua kabisa kwamba watoto hawatakula.

"Mwanangu aingie altareni na mapepe mgongoni?" akaendelea. "Kiberege yote ni wakulima. Watayasoma kabla hajafungua kinywa."

"Nitarekebisha," mama mdogo akamwambia. Akampikia chakula, akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akarudi. Kisha akaifunika mashine kwa kanga, taratibu, akaingiza ncha za kanga chini kama anayemfunika mgonjwa.

"Mpigie sista," akaniambia. "Aje Jumatatu aichukue."

"Na kasula?"

"Morogoro wapo wanaoshona. Nitamwambia mwenyewe." Aliiangalia mikono yake, juu kisha viganjani. "Mimi nimefika mwisho wangu. Si vibaya. Kila mtu ana mwisho wake."

Ningeweza kumwambia asubiri. Badala yake nikapandisha hasira: nikasema sawa, kama hataki kujifunza basi, nikapiga simu palepale, sista akasema Jumatatu asubuhi atakuja na pikapu. Nilipokata simu nikaona aibu ambayo kwa muda wote huo nilikuwa naiita hasira. Niliogopa pia. Mama mdogo bila kazi yake sikuwa nimewahi kumwona, na sikutaka kumwona.

Kesho yake, Jumamosi, nilimkuta barazani amekaa na fremu yake ya duara ya zamani. Alikuwa anajaribu suke moja kwa sindano. Vidole vilikuwa havimtii, kila baada ya mishono miwili au mitatu sindano ilianguka, akaiokota. Lakini mikono yenyewe ilikumbuka. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kitambaa, mwingine juu, na yote miwili ilikuwa inatembea wakati mmoja. Sindano ilikuwa haijamaliza kutoka juu, tayari wa chini umeshasogea kwenda kuipokea mahali pengine.

Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

"Mama mdogo, kwa nini wa chini hausubiri?"

"Ukisubiri, uzi unalegea," akasema bila kuniangalia. "Mstari unavunjika. Wa chini ndio unaojua njia, wa juu unafuata. Hakuna anayemsubiri mwenzake."

Niliingia ndani. Nikakaa mbele ya laptop, na kwa mara ya kwanza nikaweka mikono yote miwili kama anavyoiweka yeye. Siku zote nilikuwa nimejaribu kwa tabia yangu mimi, mtu ambaye mkono wake mmoja daima una simu au kikombe. Nilibonyeza, nikaachia, ndipo nikavuta. Yeye hagusi kitufe kisha akavuta. Anagusa huku anavuta, kila pindo dogo, bila kusimama, jinsi alivyodarizi maisha yake yote. Nikavuta na kugusa, nikavuta na kugusa. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Kisha mstari ukaruka kona ya juu na menyu za Kiitaliano zikafunguka zote.

Nilipiga meza kofi. Mama mdogo akaja mlangoni akidhani nimevunja kitu.

"Imeharibika," nikamwambia, nikicheka.

"Sasa unacheka nini?"

Nilichokikuta ndani, baada ya kusoma maandishi ya programu ile mchana kutwa, ni hiki. Kwa ndani, kompyuta za zamani hazikuwa na mlango wa kibodi peke yake na mlango wa kipanya peke yake. Vyote viwili vilipita kwa kidhibiti kimoja. Mfikirie karani wa vifurushi kwenye ofisi ya basi, mwenye dirisha dogo la kutosha kifurushi kimoja. Anaweka kifurushi dirishani, anabandika lebo: cha kibodi, au cha kipanya. Mwenyewe akishakichukua ndipo kinawekwa kingine. Kidhibiti halisi kilifanya hivyo kwa uaminifu. Lakini karani wetu wa kuigiza alikuwa na kosa. Kifurushi cha kipanya kikiwa bado dirishani, na cha kibodi kikafika nyuma yake, karani alibadilisha lebo ya kile kilichokuwa dirishani. Mfumo wa zamani ukanyoosha mkono, ukachukua mwendo wa kipanya ukidhani ni kitufe kilichobonyezwa. Hapo ndipo herufi zilipojiandika na menyu kufunguka.

Ukitumia mkono mmoja kwa wakati mmoja, kifurushi cha pili hakifiki kamwe kabla cha kwanza hakijaondoka. Kosa linakaa humo miaka na hakuna anayeliona. Ndivyo watu wote walivyokuwa wakijaribu, mimi nikiwemo, na mimi nilikuwa nimeligeuza kuwa sheria ukutani.

Rekebisho langu la kwanza lilikuwa la pupa. Nilimwambia karani asimamishe kipanya kila kitufe kinapoguswa. Nikamwita mama mdogo Jumamosi jioni ajaribu, sikumwambia nimebadilisha nini. Akachora kidogo, akaachia.

"Mikono haichanganyiki tena," akasema. "Ila mmoja umelala."

Alikuwa sahihi, kipanya kilikuwa kinavutwa nyuma, na pindo likatoka butu. Nilianza kubisha, nikajikuta nimefunga mdomo. Nadhani hata yeye alishangaa.

Jumapili baada ya misa nilirudia. Safari hii sikumsimamisha yeyote. Niliandika tu kwamba lebo ya kifurushi kilichopo dirishani isiguswe na mtu mpaka kichukuliwe, na kijacho kibandikwe lebo yake kitakapofika zamu. Ilikuwa mistari michache, na kwingine nilifuta tu maneno yaliyokuwepo. Mama mdogo akaketi, akaiinua kanga akaitupa kitandani. Akaanza kuvuta. Nilikuwa nahesabu mapindo kimoyomoyo nikisubiri mstari uruke. Haukuruka. Mkono wa kushoto ulikuwa unagusagusa kibodi kama mtu anayeonja joto la maji, wa kulia ukitembea, na suke likainama kwenye kioo, kubwa, zito, ncha yake ikiangalia chini. Akaanza la pili.

Jumatatu asubuhi pikapu ikaja. Kumbe nilikuwa nimesahau kabisa kumpigia sista tena. Aliingia, nikamwamkia, akaitikia, akasimama katikati ya chumba. Mashine ilikuwa inalia trrr kwenye kitambaa chekundu, na mama mdogo, anayemsalimia hata mpita njia asiyemjua, alikuwa amekaa kwenye laptop anachora na hakugeuza kichwa.

Sista akasoma karatasi ya ukutani kwa sauti. "Mkono mmoja kwa wakati mmoja. Hii ni ya nani?"

"Ya huyo," mama mdogo akasema, akinielekezea kidevu kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Sista alicheka mpaka akavua miwani. Akanywa chai, akakigusa kitambaa kwa kidole kimoja, akaondoka na pikapu tupu. Niliibandua ile karatasi mbele yao wote wawili. Mama mdogo akaomba apewe, akaigeuza, na upande mweupe akachorea kipimo cha kola.

Misa ya kwanza ilifanyika Kiberege chini ya maturubai, watu wamefurika mpaka barabarani. Padre mpya alipogeuka kuelekea altare, nikasikia mnong'ono ukitembea kwenye mabenchi. Niliogopa. Kisha mzee mmoja mbele yangu akamwambia mkewe, "Hili limejaa," na mkewe akaitikia kwa kichwa. Masuke yalikuwa yameinama mgongoni mwake, mabega yake yakisogea na yenyewe yakisogea. Mama yake alikaa mstari wa mbele. Aligeuka, akatutafuta kwa macho mpaka akatupata, akainamisha kichwa taratibu. Mama mdogo alilia waziwazi, akajifuta kwa ukingo wa kitenge changu badala ya chake.

Yale marekebisho niliyatuma kwa watunzaji wa programu, huko walipo. Walijibu kwa adabu lakini kwa mashaka. Walisema wamejaribu na hawaoni tatizo. Ni nani hasa anayetumia kibodi na kipanya kwa pamoja namna hiyo? Niliisoma barua ile nikaitambua sauti yangu mwenyewe. Zamani ningewajibu kwa moto. Safari hii nilichukua simu, nikairekodi mikono ya mama mdogo ikichora, dakika tatu, mikono tu, na vile vidole vilivyopinda. Nikawatumia. Baadaye mmoja wao akaandika kwamba ameiga mikono ile na amelipata kosa, na rekebisho limepokelewa. Sasa linakwenda kwa kila mtu anayetumia programu hiyo, popote alipo.

Nilikwenda kumsomea. Alikuwa kwenye mashine, anashona vitambaa vya altare vya parokia nyingine, na nikamweleza kwamba kwenye marekebisho kama haya kuna mstari maalumu wa kumtaja mtu aliyegundua kosa, na kwamba hapo niliandika jina lake la ubatizo na la ukoo wake, na baada yake nikaandika Ifakara.

"Wameandika nini hasa?" akauliza.

"Wameandika kwamba wewe ndiye uliyegundua."

Akafikiri kidogo, akakata uzi kwa meno.

"Mimi sikugundua," akasema. "Mimi nilikwambia."

"Ndiyo, mama mdogo," nikamjibu. "Uliniambia."

Akavuta kitambaa kingine, akakinyoosha kwa viganja, akaniuliza kama nimekula.